Mzimu Aliyedondokewa na Maua

Kama gazeti la wiki iliyopita liliishia kufungia misumari dukani kabla hujalisoma, usisikitike. Mikosi yangu inafupishika vizuri.

Mimi ni mpiga video za harusi. Nilichoka kuangalia watu wenye furaha kupitia tundu la kamera, nikaamua kutengeneza filamu ya kutisha. Fedha sikuwa nazo, waigizaji sikuwa nao, nyumba sikuwa nayo. Nyumba nikaazima kwa baba mkwe, na haikunipa taabu kuifikia, maana ndimo ninamoishi na mke wangu, katika vyumba viwili vya uani. Filamu nikaiita *Mlango Uliojifunga*. Mlango wenyewe aliufunga mke wangu kwa kuuvuta na kamba. Kamba inaonekana.

Niliwaacha kwenye siku ya kwanza ya kuionyesha, banda la video limejaa, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi, na mimi nimesimama nyuma ya watu nikijiona bingwa. Leo nawaambia kilichofuata. Mkiona mahali ninapojitetea, msiniamini.

Mwanzo ulikwenda salama, maana ilikuwa giza tupu na sauti ya upepo. Upepo ule nilikuwa mimi, napuliza kwenye kipaza sauti.

Kisha akatokea msusi wa mtaani kwetu, ndiye binti anayeingia kwenye nyumba yenye mzimu. Nilimpa nafasi hiyo kwa sababu ana sauti. Kumbe sauti aliyonayo ni ya kucheka tu. Kila nilipomwambia apige yowe, meno yalimtangulia. Damu nilimpaka sharubati nyekundu, na siku ile ya kurekodi sisimizi walimfuata kutoka sebuleni hadi chumbani. Kwenye filamu nzima, sisimizi ndio peke yao walioingia kwa wakati na kufanya walichotumwa.

Watu wakaguna kidogo. Nikajiambia subiri, mzimu anakuja.

Mzimu akaja. Akatokea mwisho wa ukumbi wa nyumba, mrefu, mweupe, anatembea taratibu. Na maua yakaanza kumdondokea.

Maua mekundu. Yakashuka kutoka juu ya picha, yakimzunguka kichwani na mabegani. Kisha likajichora kopa kubwa la dhahabu, lile umbo la moyo wa mapenzi, mzimu akabaki katikati yake, na kopa likawa linapanuka na kusinyaa. Mzimu akafungua mdomo atishe watu, pakaruka njiwa wawili weupe.

Naomba nieleze. Mpiga video za harusi ana mapambo yake aliyokwisha kuyapanga ndani ya kompyuta. Bibi harusi akitokea, maua. Akisogea, kopa. Akifungua mdomo kuapa, njiwa. Hupangi upya kila harusi. Unafungua ya juzi, unatoa picha za watu wa juzi, unaweka za watu wa leo. Basi filamu yangu niliipachika ndani ya harusi ya juzi. Mapambo nikayazima yasionekane wakati nafanya kazi, kwa sababu kompyuta yangu ikiona maua hukwama. Nilipomaliza nikaiambia itoe filamu nzima. Nayo, kwa utii wake, ikarudisha yote.

Nami sikuitazama. Fundi gani anatazama harusi aliyoihariri mwenyewe?

Banda likalipuka kwa kicheko. Mama mmoja alianguka kutoka kwenye benchi, akaendelea kuchekea pale pale sakafuni. Wengine walitoka mbio kwenda kuita wenzao. Mwenye Banda, ambaye sijawahi kumwona akitabasamu hata akihesabu viingilio, alijifuta machozi kwa pazia.

Na sauti ya mzimu ndiyo iliyowamaliza. Niliona sauti ya kawaida haitatisha, nikaipitisha kwenye mtambo wa kubadili sauti. Ilitoka kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini si kwa ajili yangu, jamani. Mimi nimezoea. Niliwaza juu ya mzimu mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa amelala nyumbani na goti lililovimba, akisubiri nimpelekee habari.

Mzimu ni baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi. Nusu ya watu wazima wa mtaa wetu walisoma mikononi mwake, na mpaka leo wakimwona kwa mbali huchomekea shati. Lakini tangu tumzike mama mkwe, mzee alinyamaza. Ukimwamkia anaitikia, ukimpa chakula anashukuru, halafu basi. Alishinda kwenye kiti chake cha barazani akiangalia geti, na jioni mke wangu anakwenda kumwambia aingie ndani. Nyumba nzima tulijifunza kutembea kwa vidole.

Fundi cherehani niliyemtegemea awe mzimu akanikimbia siku ya kuanza, eti mkewe kamkataza kuvaa shuka jeupe wakati yungali hai. Nikawa nalalamika barazani, nikijua hakuna anayesikiliza.

"Huyo mzimu anasema nini?" mzee akauliza.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Anasema… anasema tokeni nyumbani kwangu, Baba."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Ni mzimu."

Akanitazama kama anamtazama mtoto aliyekuja bila daftari. "Mzimu hasemi basi tu. Alikufa na kinyongo gani?"

Jibu akalitafuta mwenyewe. Akakaa siku mbili akitunga maneno ya mzimu na kuyakariri, akitembea huku na huku uani. Shuka alilipiga pasi mwenyewe. Chakula akaanza kuomba kiongezwe. Mke wangu akaingia jikoni akafunga mlango, nikamsikia akilia, na alipotoka akanishika mkono.

"Nakuomba kitu kimoja tu, mume wangu," akasema. "Usimwaibishe baba yangu."

Nikasema, "Mimi tena?"

Ndiyo, mimi tena.

Sasa basi, nikarudi kutoka bandani siku ile. Mzee amekaa kitandani, goti juu ya mto, miwani amevaa, nywele amechana. Amechana nywele ili aletewe habari.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ehe! Watu walionaje?"

Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alishinda nyumbani kumwangalia mzee, kwa hiyo naye hakuwa ameona. Wote wawili wakanikodolea macho.

"Walipiga kelele, Baba," nikasema.

"Kelele?"

"Nyingi. Mama mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Wengine walishindwa kukaa, wakatoka nje mbio."

Mnaona? Hakuna hata neno moja la uongo hapo. Uongo wote ulikuwa kwenye uso wangu.

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama yenu angesema nimezidisha," akasema, akacheka kidogo puani. Akanyanyua kikombe, akanywa chai yote. Usiku ule alilala akikoroma kwa raha, na mimi nikakodolea macho dari.

Nilijipa moyo kwamba mambo yameishia hapo. Filamu ikishaanguka imeanguka, nani ataiulizia tena?

Aliyeiulizia ni Mwenye Banda. Kesho yake tu alikuja mpaka getini, akapiga hodi ya mtu mwenye neema.

"Bwana harusi!" akaniita. Ndivyo anavyoniita. "Watu wanaitaka tena. Jumamosi, mchana. Nimeshatundika ubao."

"Haionyeshwi tena," nikamnong'oneza. "Nenda."

"Wee! Watu wamekosa nafasi. Wanataka kumwona yule mzee wa—"

"Nani huyo?" sauti ikauliza kutoka barazani.

Mzee alikuwa amesimama, na gongo lake, goti lenyewe amelisahau. Mwenye Banda akachomekea shati.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni mimi. Nasema filamu yenu watu wameipenda kupita kiasi. Jumamosi tunairudia."

"Vizuri," mzee akasema. "Nitakuja. Na walimu wenzangu wastaafu nitawaalika. Tutengee benchi la mbele."

Mwenye Banda akanitazama. Mimi nikatazama geti.

Alipoondoka nilimfuata hadi barabarani nikamshika mkono. Nikamwambia nitaisafisha filamu, nitatoa kila ua, kila njiwa, na Jumamosi ataweka hiyo mpya, na asiingize mtu mwingine ila hao walimu. Akakubali upesi sana. Mtu akikubali upesi namna hiyo, ujue hajasikiliza.

Nilihariri wiki nzima. Niliondoa maua, kopa, njiwa, kamba nikaipaka giza. Nyuki ndiye aliyenishinda, maana sauti halisi ya mzee nilikuwa nimeifuta ili nipate nafasi ya harusi ya wiki ile. Lakini nikasema nyuki peke yake tunaweza kumvumilia.

Jumamosi mzee alivaa suti. Mke wangu alivaa gauni lake la sherehe, akaniambia njiani, "Unatoka jasho."

"Jua."

"Kuna mawingu."

Tulipofika, banda lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Walimu wastaafu walikuwa benchi la mbele, wanne, wamenyooka. Nyuma yao mtaa mzima. Kuna waliokuja na watoto. Msusi naye alikuwapo, ameleta wateja wake, mmoja nusu ya kichwa hakijasukwa.

Nikamvamia Mwenye Banda kwenye projekta. "Tulisema walimu tu!"

"Niwafukuze wananchi?"

"Basi weka hii." Nikamtolea nakala nyingine ya filamu iliyosafishwa.

Akaiangalia kama nimempa samaki wa juzi. "Niliionja ile uliyoniletea jana. Haina maua."

"Ndiyo!"

"Hawa wamelipia maua, bwana harusi." Akazima taa, akabonyeza, upepo ukaanza kuvuma. Upepo ule mimi.

Nikabaki nyuma, karibu na swichi kubwa ya umeme, mgongo ukutani. Mke wangu alisimama hatua chache kutoka kwangu. Wanawake walimtaka akae, akasema anaona vizuri pale pale. Mbele niliona kisogo cha mzee, kimenyooka, na mkono wake ukimgusa jirani yake, mwalimu wa hesabu, kana kwamba anamwambia bado, subiri.

Msusi akaingia kwenye nyumba. Watu wakaanza kukoroma kwa kicheko cha kubana, kile cha watu wanaojua kinachokuja. "Bado, bado," mmoja akasema. "Akifika mwisho wa ukumbi ule."

Mzee akageuza kichwa kidogo. Alisikia.

Pale nikaona kila kitu mbele yangu: mzee anarudi barazani, anakaa kwenye kiti, anaangalia geti. Na safari hii hapatakuwa na wa kumwuliza mzimu anasema nini. Msusi alikuwa keshaufikia mlango. Mlango ukafunguka, na kamba yake.

Nikavuta swichi chini.

Giza. Banda lile likizimwa umeme huoni hata kiganja chako. Watu wakalalamika, mtoto akalia, Mwenye Banda akatukana shirika la umeme ambalo halikuwa na kosa lolote.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Umeme umekatika, poleni sana, twendeni nyumbani. Nilikaribia kujipongeza.

Ndipo sauti ikatoka gizani.

"Nani amefungua mlango wangu?"

Haikuwa ya nyuki. Ilikuwa nzito, ya taratibu, haina haraka na mtu. Ile sauti iliyokuwa ikisimamisha shule nzima mstarini bila kipaza sauti. Mzee hakukubali filamu yake ife kwa ajili ya umeme. Aliendelea mwenyewe.

Banda likanyamaza papo hapo.

"Nimekaa humu peke yangu muda mrefu," sauti ikasema. "Nimeongea na kuta, hazikunijibu. Leo nasikia nyayo." Ikatulia. "Nani kakalia kiti cha mke wangu?"

Nywele zilinisimama, na mimi nayajua maneno yale, nimeyarekodi mara tisa.

"Nauliza," sauti ikasema, sasa karibu zaidi, maana alikuwa anatembea katikati ya mabenchi. "Nani?"

"Si mimi, Mwalimu!" mwanaume mzima akapiga yowe.

Hapo ndipo palipochafuka. Mabenchi yakaanguka. Watu wakakimbilia mlangoni, mlango unafungukia ndani, wakausukuma kwa nje. Msusi alipiga yowe moja safi, refu, la kweli, lile nililomwomba wiki tatu akaninyima. Mtu alinikanyaga. Mwingine alinikumbatia, sijui nani hadi leo.

Taa zikawaka.

Mkono uliokuwa kwenye swichi ulikuwa wa mke wangu. Hakuuondoa. Alinitazama mimi, akatazama swichi, akanitazama mimi.

"Umeme haukukatika," akasema polepole.

Nilikuwa namtazama mzee. Alisimama katikati ya banda na suti yake, mabenchi yamepinduka pande zote, watu wamechuchumaa, wengine wamejificha chini. Walimu wastaafu walikuwa wakimpigia makofi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepunguziwa miaka ishirini.

Akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Mkwe," akasema. "Wiki iliyopita walipiga kelele hivi hivi?"

Banda zima likanigeukia. Mwenye Banda, nyuma ya projekta, alinitingishia kichwa: sema ndiyo, mpumbavu wewe, sema ndiyo. Na ilikuwa rahisi. Silabi mbili tu. Mzee angerudi nyumbani mshindi, na mimi ningelala.

Mke wangu alisubiri, kama baba yake.

Nilimpenda sana yule mzee pale. Ndiyo maana sikuweza.

"Hapana, Baba," nikasema. "Wiki iliyopita walicheka."

"Walicheka," akarudia.

"Mzimu anapotokea. Kosa si lako, Baba. Niliharibu mimi, kwenye kuhariri. Halafu nikakudanganya. Na umeme nimezima mimi, ili usione."

Niliona suti ikimpwaya ghafla. Akatazama walimu wenzake, mmoja mmoja, nao wakatazama viatu vyao. Nikadhani atatoka. Watu wakampisha njia.

"Simamisheni mabenchi," akasema. "Kaeni. Mtu asitoke."

Wakasimamisha, wakakaa. Hata waliokuwa nje wakarudi kukaa.

"Washa," akamwambia Mwenye Banda. "Pale pale ilipoishia."

"Mwalimu, labda siku nyi—"

"Washa."

Taa zikazimwa, projekta ikawaka. Mwisho wa ukumbi wa nyumba akatokea mzimu, mrefu, mweupe, anatembea taratibu. Maua yakaanza kudondoka. Watu wakaziba midomo kwa viganja, kwa vitambaa, kwa watoto wao. Hakuna aliyethubutu.

Mzee aliitazama picha yake hadi kopa likajichora. Njiwa wakaruka. Nyuki akalia ndani ya kopo. Akatazama yote bila kupepesa. Kisha akapiga hatua mbili mbele, akageuka, akasimama mbele ya kitambaa cha kuonyeshea picha, akitutazama sisi. Picha ikamwangukia yeye. Maua yakamshukia kwenye suti, kopa la dhahabu likapanuka na kusinyaa kuuzunguka uso wake wa mwalimu mkuu, uliokunja ndita.

"Haya," akasema. "Chekeni."

Nilisikia feni ya projekta.

Kisha mtu mmoja akacheka.

Kilikuwa kicheko kilichokuwa kimebanwa muda mrefu, kikatoka kwa nguvu, kikakataa kurudi. Nilimjua mwenyewe kabla sijageuka. Tangu tumzike mama mkwe sikuwahi kukisikia kicheko kile ndani ya nyumba yetu. Mke wangu alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, machozi yanamchuruzika, anajaribu kusema samahani Baba, na neno linamshinda.

Kichwa cha mzee kikageuka polepole ndani ya kopa lile. Akainua gongo lake, akamwelekezea binti yake kule nyuma.

"Wewe unayecheka," akasema kwa sauti ile ile ya gizani. "Njoo hapa mbele."